DAFTARI AU KADI? Namna ya kusoma uuguzi na udaktari huku tukiwa kazini

Katika mkutano uliopita wa kamati ya elimu palizuka ubishi mkubwa. Swali lenyewe lilionekana dogo: fedha za vifaa zilizo katika mfuko wa elimu zinunue madaftari, au zinunue karatasi ngumu za kukatia kadi? Tulianza saa nane mchana, na jua lilizama tukiwa bado tunabishana. Wazee walisema elimu bila daftari haijapata kuonekana. Vijana walisema daftari ni kaburi la elimu, mtu huzika humo kila anachofundishwa kisha haendi kuzuru tena.

Tumeamua kueleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu si la kamati peke yake. Wanachama wetu wengi ni wahudumu wa wodi, wauguzi wasaidizi, wakunga na watu wa maabara ambao wanasoma ili wapande cheo. Baadhi wameanza hata masomo ya udaktari. Karo wanajilipia kutoka katika mshahara, au wanalipiwa na mfuko ambao kila mmoja wetu anachangia. Mtu akianguka mtihani, fedha imekwenda, mwaka umekwenda, na nyumbani watoto wanauliza. Kwa hiyo namna ya kusoma ni jambo la maslahi ya mfanyakazi sawa na mshahara na nyumba.

Sisi tunaoandika haya si madaktari, na wengine wetu tuliishia darasa la saba. Lakini tumekaa na wanaosoma, tumewasikiliza wanaofundisha, na mwanachama wetu mmoja anayefundisha wauguzi ametusomea na kututafsiria yale wataalamu waliyoyapima. Haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Yaliyotufikisha hapa

Tuna mwenzetu mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa hodari sana wa kuandika. Alijaza madaftari saba kwa mwandiko mzuri, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Kila usiku aliyasoma tena kutoka mwanzo. Mtihani ulipokuja alianguka. Alituambia hivi: “Nilipoona swali niliona mpaka ukurasa wenyewe, naujua uko upande wa kushoto, lakini maneno hayakuja.”

Tuna mwenzetu mwingine, kijana, ambaye hakuwa na daftari hata moja. Alikuwa na kadi mfukoni, nyingi, zimefungwa kwa mpira. Karatasi ya mtihani aliipita vizuri. Lakini mbele ya mgonjwa aliulizwa kwa nini mtoto anayeharisha hapewi maji matupu tu, naye akanyamaza. Alijua kiasi cha kumpa, sababu hakuijua.

Mama alikuwa na sababu bila kumbukumbu, na kijana alikuwa na kumbukumbu bila sababu. Katika ubishi wetu kila upande ulimtaja aliyeshindwa wa upande wa pili, na wa kwake ukamsahau.

Kwa nini tunasahau

Tuanze na jambo la kwanza: kusahau si ujinga wala si uzee. Ni kazi ya kawaida ya ubongo. Mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni kiasi gani kimebaki. Baada ya saa 1 zaidi ya nusu ya kazi yake ya kujifunza ilikuwa imepotea. Baada ya siku 1 ilikuwa imepotea kama theluthi mbili. Baada ya hapo upotevu ulipungua kasi.

Masomo yenye maana hayapotei upesi kiasi hicho, lakini mwendo ni ule ule. Kinachosomwa mara moja na kuachwa huyeyuka, na huyeyuka zaidi katika siku za kwanza. Kinachozuia ni kurudia. Swali ni kurudia kwa namna gani.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio rahisi. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena. Kundi la pili lilifunga karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele: asilimia 81 kwa 75. Lakini walipopimwa baada ya wiki 1 mambo yaligeuka. Waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojipima walikumbuka asilimia 56.

Ndugu wanachama, tuyaangalie maneno haya vizuri. Anayesoma tena huona anajua, na kwa dakika zile ni kweli anajua. Ndiyo maana mama yetu alilala kila usiku akiwa na furaha. Macho yake yaliyatambua maneno, akadhani kuyatambua ni kuyajua. Mtu anaweza kumtambua jirani kwa sura miaka kumi na asijue jina lake.

Mwaka 2009 watafiti wengine wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio kama hilo kwa madaktari waliokuwa bado mafunzoni. Mada moja waliisoma tena na tena, mada nyingine walijipima tena na tena. Baada ya miezi 6 na zaidi, ile waliyojipima ndiyo iliyobaki zaidi. Na mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia njia 10 ambazo wanafunzi huzitumia. Mbili walizipa daraja la juu: kujipima, na kugawa masomo katika siku nyingi badala ya kuyarundika siku moja. Kusoma tena, kupiga mistari ya rangi na kuandika muhtasari waliviweka chini.

Kazi ya daftari

Je, tutupe madaftari? Hapana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lina kazi yake, nayo ni kuelewa.

Tuchukue lile swali lililomshinda kijana. Mtoto anaharisha, anapoteza maji na chumvi. Kwa nini katika pakiti ya ORS kuna sukari? Watu wengi hudhani ni ya kumpa mtoto nguvu au kumfurahisha ulimi. Kumbe utumbo una mlango ambapo sukari na chumvi huingia pamoja, moja ikimshika mwenzake mkono, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata katika kuharisha kwa kipindupindu. Ukitoa chumvi peke yake huingia kidogo. Ukizidisha sukari, ile isiyoingia hubaki tumboni na kuvuta maji nje, mtoto akazidi kuharisha. Ndiyo maana pakiti ya siku hizi hupimwa kwa lita 1 ya maji safi, wala si kwa kukisia, na ndani yake mna gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti.

Habari kama hii haikai katika kadi moja. Ina mwanzo, kati na mwisho, na inataka mchoro: utumbo, mlango, mishale. Hapo ndipo mahali pa daftari. Mzunguko wa damu, kazi ya figo, safari ya vijidudu vya malaria kutoka kwa mbu mpaka ini na kutoka ini mpaka damu, hayo yote yaandikwe na kuchorwa.

Lakini kuna kuandika na kunakili. Anayenakili maneno ya mwalimu moja kwa moja, mkono wake unafanya kazi na kichwa kimelala. Sisi tunashauri hivi:

1. Sikiliza kwanza, uandike baadaye kidogo kwa maneno yako. Ukishindwa kulisema kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, bado hujalielewa. Uliza.

2. Gawa ukurasa kwa mstari wa kusimama. Upande wa kulia, ulio mpana, andika maelezo. Upande wa kushoto, ulio mwembamba, andika maswali yanayojibiwa na maelezo hayo. Chini acha nafasi ya maneno machache ya kufungia. Namna hii ilienezwa na mwalimu Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, naye alitaka kurasa zifanye kazi baada ya darasa.

3. Siku ya pili funika upande wa kulia kwa karatasi. Soma swali, jibu kwa sauti, kisha funua. Hapo daftari lako limekuwa chombo cha kujipima.

Mama wa madaftari saba hakuhitaji kuyachoma. Alihitaji kuyafunika.

Kazi ya kadi

Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. Mbele swali moja, nyuma jibu moja. Karatasi moja kubwa ya manila hutoa kadi nyingi, na hata kasha la dawa lililokwisha kazi hufaa, likiwa safi na kavu.

Katika uganga kuna mambo mengi ambayo lazima yawe kichwani, kwa sababu hakuna nafasi ya kutafuta kitabu. Hizi ni baadhi ya kadi za kikundi chetu:

Mbele: Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya miezi 12, pumzi ngapi kwa dakika ni za haraka? Nyuma: 50 au zaidi.

Mbele: Na wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5? Nyuma: 40 au zaidi.

Mbele: Dalili 4 za hatari kwa mtoto mgonjwa? Nyuma: Hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hana fahamu.

Mbele: Dawa ya kuondoa sumu ya magnesiamu salfeti ikimzidi mama mwenye kifafa cha mimba? Nyuma: Kalsiamu glukoneti.

Mtaona kila kadi inauliza jambo moja. Kadi yenye mistari kumi ni daftari lililokatwa. Ile ya dalili 4 tuliiacha kwa sababu dalili hizo huulizwa pamoja kitandani.

Sasa, kadi zikifika mia mbili utazipitiaje zote kila siku? Hapa tunatumia makasha. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza namna hii katika kitabu chake cha Kijerumani kilichotoka mwaka 1972. Sisi tumeipanga kwa makasha matatu ya viatu. Kadi mpya huingia kasha la kwanza, nalo hupitiwa kila siku. Ukijibu sawasawa, kadi huhamia kasha la pili, nalo hupitiwa kila baada ya siku 3. Ukijibu tena sawasawa, huhamia kasha la tatu, la mara 1 kwa wiki. Ukikosea, hata ikiwa ilikuwa kasha la tatu, hurudi la kwanza. Hakuna aibu, ni kama mgonjwa aliyerudi wodini.

Kwa njia hii jambo gumu utakutana nalo kila siku, na jambo rahisi halikupotezei muda. Haba na haba hujaza kibaba.

Wenye simu kubwa wana programu zinazofanya kazi hii zenyewe. Iliyo maarufu kwa wanafunzi wa udaktari inaitwa Anki, iliyotoka mwaka 2006. Hupanga siku ya kila kadi yenyewe, na ukishaiweka hufanya kazi bila bando. Lakini asiye na simu hiyo asijione yuko nyuma. Kasha la viatu halimalizi chaji.

Kosa lililotutisha

Lazima tuseme pia hatari ya kadi, na tuseme lililotupata sisi wenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Mwanachama mmoja aliandika kadi ya dawa ya mgonjwa mzima aliyepatwa na mzio mkali ghafla: pumzi inabana, uso unavimba, presha inashuka. Jibu sahihi ni adrenalini miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1000, sindano ya msuli wa paja upande wa nje. Yeye, akitoka zamu ya usiku, aliandika mililita 5. Ile nukta ilipotea. Wenzake watano walinakili kadi hiyo bila kuuliza, wakaikariri vizuri sana. Wiki mbili baadaye mkunga mmoja mzee alikuwa anatuuliza maswali kwa zamu, akasikia jibu, akasimama. “Nani amewaambia hivyo? Hiyo ni mara kumi!”

Hakuna mgonjwa aliyeumia. Lakini siku hiyo hatukucheka. Tulielewa kwamba kadi hukaza lolote lililoandikwa, liwe kweli au liwe kosa, nalo likishakazwa kulitoa ni kazi kubwa. Tangu siku ile tumeweka sheria tatu. Kila kadi ya dawa iandikwe kutoka katika mwongozo wa matibabu unaotumika sasa, siyo kutoka kadi ya mwenzako. Nyuma ya kadi iandikwe ukurasa na mwaka wa mwongozo. Na mtu wa pili aikague kabla haijaingia kasha. Miongozo hubadilika, na kadi ya mwaka juzi inaweza kuwa ya uongo leo.

Kisichokaa daftarini wala kwenye kadi

Kupiga hesabu ya dawa hakufundishwi na daftari wala kadi. Hufundishwa na hesabu zenyewe. Mtoto wa kilo 12 anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: ni miligramu 180. Sirapu ina miligramu 120 katika mililita 5: apewe mililita 7.5. Au dripu ya mililita 1000 iingie kwa saa 8, na mpira unatoa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20 ni matone 20,000, gawa kwa dakika 480, ni kama matone 42 kwa dakika. Kanuni unaweza kuiweka kwenye kadi, lakini namba zibadilike kila siku, la sivyo utakariri 42 na kumpa kila mgonjwa 42.

Vivyo hivyo kusikiliza kifua, kupima presha, kumpokea mtoto anayezaliwa. Hayo hufundishwa na mikono, chini ya macho ya anayejua.

Ratiba ya mtu wa zamu

Wanafunzi wa bweni wana jioni zao. Sisi tuna zamu, watoto na safari ya kwenda kazini. Kwa hiyo tumepanga hivi, nanyi mnaweza kubadili:

Siku ya mapumziko, saa moja na nusu kwa daftari, akili ikiwa imepumzika. Elewa mada moja tu, chora, andika maswali upande wa kushoto.

Siku hiyo hiyo, toa kadi zisizozidi 15 kutoka katika mada hiyo. Usitengeneze kadi ya jambo ambalo hujalielewa.

Siku za kazi, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni kwa kadi. Garini, katika foleni ya maji, wakati chai inachemka. Lakini kamwe si kando ya mgonjwa anayekungoja.

Mara moja kwa wiki, kikundi cha watu 4 au 5. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Mtu akijibu sawa, aulizwe tena: “Kwa nini?” Neno hilo moja lingemwokoa yule kijana.

Baada ya zamu ya usiku, lala. Kujilazimisha kusoma kwa macho mekundu ndiko kulikotuletea mililita 5.

Neno kwa waajiri

Hatuwezi kumaliza bila kusema hili. Mwenzetu mmoja alipangiwa zamu ya usiku katika mkesha wa mtihani wake, ingawa aliomba mwezi mzima kabla. Alitoka wodini asubuhi na kuingia moja kwa moja katika chumba cha mtihani. Hakuna daftari wala kadi inayoweza kutibu jambo hilo. Mwajiri hufurahi kupata mwuguzi mwenye cheti cha juu, na mgonjwa hufaidika. Basi naye atoe chake. Matawi yote yaweke katika madai ya mwaka huu: siku 2 za mapumziko kabla ya mtihani, na chumba kimoja chenye taa kwa vikundi vya kusoma.

Uamuzi wa kamati

Mwisho wa ubishi wetu tulifikia hivi. Mfuko utanunua vyote viwili: kila anayesoma atapata madaftari mawili makubwa, siyo saba, na karatasi za manila za kutosha kadi 300. Daftari ni la kuelewa, kadi ni ya kukumbuka, na anayetangulia ni daftari.

Yule mama sasa anafunika kurasa zake, na kijana ameanza daftari lake la kwanza. Wanasoma pamoja kila Jumamosi. Wote wawili watakaa mtihani ujao. Makatibu wa matawi watuandikie vikundi vyenu vinaendeleaje, na kadi mlizokagua mtuletee ili wenzenu wazikague tena.

Elimu ya mfanyakazi ni afya ya mgonjwa. Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu